Nyumba ya Bwana Shauri Kisiwani Kizinga

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya sukari. Wanaoukumbuka wakati ule watanielewa. Mche wa sabuni ulikuwa ukifungiwa kabatini, na mtu akipata sukari ya kutosha birika moja, alifunga mlango kwanza ndipo anywe chai. Katikati ya dhiki hiyo akajitokeza kijana, Hamisi, kumposa Mwajuma, binti wa kaka yangu, na posa yake ikaja na mfuko wa sukari. Si kifurushi jamani, mfuko! Wanaume wa nyumbani wakaupokea wanacheka mpaka magego yanaonekana. Mimi nikauinua, nikaona uzito wake, nikajiuliza sukari yote hiyo imetoka wapi.

Hamisi tulimjua kijuujuu. Alijifunza ufundi wa magari pale Kambarage, mjini kwetu, na hapo ndipo walipoonana na Mwajuma. Baadaye akaenda Geita kuchimba dhahabu. Mshenga alitueleza kwamba wazazi wa kijana wanaishi kisiwani Kizinga, ndani ya ziwa, na kwamba baba yake ni mtunzaji wa makumbusho. Nyumba yenyewe ilijengwa na Mjerumani, akaja kukaa Bwana Shauri, mtawala wa wilaya wa Kiingereza, na baada ya Uhuru serikali ikaifanya ya kutazamwa na watu. Maneno matamu. Lakini kwetu Ngokolo, nyumba ya Kiislamu yenye babu wa Pangani na bibi wa Kisukuma, binti haozwi kwa maneno ya mshenga. Posa ikija, jibu halitoki mpaka mtu wa nyumbani aende kimyakimya kuuchunguza ukoo. Wana kifafa? Wana ukoma? Wana uchawi? Wana mikono mirefu? Kazi hiyo hupewa shangazi, na shangazi ni mimi, Tatu, muuza mkaa.

Na jambo moja niliseme wazi tangu mwanzo, maana bila hilo safari hii haieleweki. Kaka yangu Ramadhani, baba yake Mwajuma, alikuwa mlevi. Gongo ilimshika tangu mkewe alipofariki, ikakataa kumwachia. Kwa hiyo shughuli zote za posa ziliongozwa na ami yetu, Mzee Shabani, na kaka hakuitwa kikaoni. Tulikuwa tukimficha, na tulidhani tunajua kuficha.

Asubuhi ya kuondoka, Mwajuma alinifungia chapati na mayai ya kuchemsha.

"Shangazi, usiende kugombana na watu."

"Nani kasema nagombana?"

"Nakujua. Wewe tazama tu, utazame vizuri."

Treni ilinifikisha Mwanza, na kutoka hapo nikapanda basi hadi Kigongo. Kwenye pantoni ya kuvukia kwenda Busisi niliketi juu ya mzigo wangu, nikawatazama abiria mmoja mmoja. Safari ya kuchunguza watu ina ugonjwa wake: ukishaanza kumshuku mmoja, unawashuku wote. Baba mmoja mbele yangu alikuwa na debe lililofunikwa gunia, naye kila akigeuka analishika. Nikasema huyu naye ana yake. Tulipofika ng'ambo akalifunua, kumbe kuku. Sikuona haya hata kidogo.

Geita nilifika jua likiwa limeinama. Nilifikia kwa Mama Kulwa, rafiki yangu wa zamani, Msukuma mwenye mwili na kicheko chake, ambaye alikuwa akiwapikia wachimbaji wali na maharage. Vumbi la pale ni jekundu, linaingia mpaka kwenye kope. Watu wamechafuka kuanzia nywele hadi vidole, halafu wanaongea kwa kunong'ona kama wako msibani.

"Mwangaluka, mayu!" nilimsalimu kesho yake asubuhi, Kisukuma changu kikimchekesha kama kawaida. Kisha nikamchokonoa taratibu. "Hivi unamjua kijana mmoja, Hamisi, wa Kizinga?"

"Hamisi? Namjua sana. Yule na wenzake wa duara lao, miezi kadhaa wamekunywa chai chungu."

Duara ndilo shimo wanalochimba, na kila duara lina watu wake. Nikatua kikombe cha uji. "Chai chungu kwa nini? Mgao wa sukari hawakupata?"

"Walipata kama wengine. Waliufungia. Kila mgao ulipokuja walimwaga kwenye mfuko mmoja, wakafunga."

"Waliufungia wakaufanyie nini?"

"Mayu, mimi nitajuaje? Hapa ukiuliza sana wanakuona askari."

Basi mimi nikapata jibu langu. Magendo! Vijana wanakusanya sukari ya mgao, wanaiuza kwa bei ya kuruka, na kisiwani kuna nyumba kubwa ya serikali isiyoingiwa na mtu, baba mtu ndiye mwenye funguo. Ghala gani zuri kuliko hilo? Askari gani ataenda kupekua kitanda cha Bwana Shauri? Nilimwonea huruma Mwajuma mpaka nikashindwa kumaliza uji. Mtoto aliyekwisha kubeba mzigo wa baba mlevi aende tena kubeba wa mume mfungwa? Nikaapa haitakuwa.

Lori la kubeba dagaa lilinipeleka hadi ufukoni. Mvuvi mmoja akakubali kunivusha kwa mtumbwi wake, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Unakwenda kwa Mzee Athumani wa makumbusho? Kibali unacho?"

"Kibali cha nini?"

"Cha kutazama nyumba. Wageni hupita ofisini kwanza, ofisi ikamletea mzee taarifa. Wa ghafla hawapendi huyo. Anahangaika!"

"Anahangaika nini na nyumba si yake?"

Mvuvi akaongeza kasi ya kupiga kasia. Moyoni nilifurahi kweli. Nilijua nakwenda kumkamata mtu.

Kizinga ni kisiwa kidogo chenye mawe makubwa na mikaratusi iliyopandwa kwa mstari. Mstari huo unakupeleka moja kwa moja hadi kwenye nyumba: kuta nene za mawe, bati jekundu lililofifia, veranda ya kuzunguka pande zote, na ngazi pana kana kwamba aliyekuwa akiingia humo alikuwa tembo. Kabla sijafika kwenye ngazi nikamwona mwanamke mtu mzima anatoka mbio mlangoni, amekumbatia rundo la nguo, akakata kona kwenda nyuma. Dirisha moja la mbao likafungwa kwa kishindo. Mlangoni akatokea mzee mrefu, anafunga vifungo vya shati lake la kaki, kimoja amekiruka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibu. Kibali?"

"Sina. Naitwa Mama Rehema, natoka Mwanza. Napenda sana historia."

Nilisema uongo huo bila kupepesa macho. Mzee alinitazama usoni, kisha akanitazama mikono, akasema, "Aliyekwisha kufika hafukuzwi. Vua viatu."

Akaanza kunitembeza. Alikuwa na maneno yake ya kukariri, anayasema amesimama wima, macho ukutani. Hapa Bwana Shauri alikula chakula. Hapa aliweka kofia yake. Kofia yenyewe ipo, ile ngumu ya jua, imeliwa na mende pembeni. Hapa alisikiliza kesi za watu, nao walisubiri chini pale juani. Kwenye kabati la kioo kulikuwa na sahani zake za maua, na kwenye ukuta mkuki na kigoda cha mtemi fulani. Nilipouliza mtemi mwenyewe alikalia nini baada ya kunyang'anywa kigoda, mzee kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hilo sikufundishwa," akasema.

Mimi lakini macho yangu hayakuwa kwa mtemi. Nilikuwa nanusa sukari. Nilitazama chini ya meza, nyuma ya milango, nikapitisha kidole sakafuni kutafuta chembe. Nikaingia chumba cha kulala.

Kulikuwa na kitanda cha chuma, kipana, chenye vyuma vya kukinga pande zote mbili kama cha hospitali. Chandarua kilikuwa kimefungwa harakaharaka. Chumba kilinuka mafuta ya nazi.

"Hapa ndipo alipolala Bwana Shauri," mzee akasema kwa ukuta.

"Alilala lini?"

"Zamani, mama. Kabla ya Uhuru."

"Mbona mto wake bado una shimo?"

Nikauweka mkono wangu kwenye shuka. Ilikuwa na joto! Nikageuka, nikauona mlango wa upande wa pili, umefungwa kwa kitasa.

"Na kule?"

"Kule ni bafuni. Pameharibika. Wageni hawaingii."

"Funguo unazo."

"Mama, nimekuambia pameharibika."

Nikapandisha sauti, hulka yangu ndiyo hiyo. Nikamwambia mimi si mtoto, najua nyumba inayolaliwa na nyumba isiyolaliwa, na kama amegeuza mali ya umma kuwa stoo ya walanguzi, aseme sasa hivi. Nilikuwa bado namnyooshea kidole tuliposikia kitu kizito kimeanguka mle ndani, kisha kugongagonga kwa mfululizo, kama mtu anapiga teke mlango wa bati. Mwanamke yule niliyemwona akaja mbio kutoka nyuma, analia.

"Baba Hamisi, fungua! Achana na mgeni, fungua!"

Mzee akafungua. Palikuwa na hodhi kubwa la kuogea, na kando yake, sakafuni, msichana wa rika la Mwajuma akitetemeka mwili mzima, macho yamegeuka, povu linamtoka. Kisigino chake ndicho kilichokuwa kikipiga hodhi. Mzee alipiga magoti, akamlaza ubavu, akakinga kichwa chake kwa mapaja. Alifanya hayo taratibu, kwa mikono iliyozoea. Mimi nilivua kanga yangu ya juu, nikaikunja, nikaiweka chini ya kichwa cha yule mtoto. Nilifanya hivyo kabla sijafikiri. Hapo ndipo nilipouona mkono wake wa kushoto, umeungua kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, ngozi imekunjamana.

Kifafa. Ndicho nilichotumwa kukitafuta, hata kabla ya wizi. Nilikuwa nimekikuta, na sikuona raha yoyote.

Alasiri msichana alikuwa amelala, kitandani kwa Bwana Shauri, mama yake anampepea. Mzee Athumani alikuja kuketi nami kwenye veranda.

"Anaitwa Sikudhani," akasema. "Ndiye dada yake Hamisi, wa pekee. Sisi nyumba yetu ni ile ndogo ya nyuma, ya watumishi, jiko limo humohumo. Aliangukia moto. Alipopona nikamtazama, nikakitazama kile kitanda. Kina vyuma, haanguki. Chumba hakina moto. Nyumba nzima hii, mama, inakaa tupu, mtu mwenyewe alishakwenda kwao. Nikamwingiza. Wageni wakija tunamtoa. Ofisi wakijua, kazi sina na pa kulala sina. Leo hatukupata nafasi ya kumtoa, tukamficha bafuni, ndiyo ukasikia. Sasa umeona, Bi Tatu."

Nikaruka. "Umeniitaje?"

"Mpenda historia wa Mwanza hawi na mkaa kwenye kucha. Halafu nilikuwa nakungoja. Posa imepelekwa, shangazi asije? Nilifikiri tu ungepitia ofisini."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Akaendelea kwa upole uleule. "Na sisi tulituma mtu."

"Kwetu? Lini?"

"Kabla ya posa. Tungeposaje mahali tusipopajua? Mdogo wangu alifika kwenu Ngokolo na sato wakavu. Akakuuzia wewe mwenyewe. Akaomba maji, akaomba na kivuli."

Nikamkumbuka! Mwanaume mmoja mpole, alipunguza bei nilipomkaripia, akakaa barazani kwetu hadi adhuhuri kana kwamba ameajiriwa. Nilimwona mjinga.

"Aliona nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Alimwona Bwana Ramadhani akiletwa nyumbani, ameshikwa huku na huku. Ilikuwa Ijumaa, watu wanatoka kuswali."

Nilitamani ile sakafu ya Mjerumani ipasuke inimeze. Tulivyohangaika sisi! Tulivyomfungia chumbani kila mshenga alipokuja, tulivyowakanya watoto wasitaje jina lake! Na hawa watu walikuwa wanajua tangu siku ya kwanza, wako huku kisiwani, wametulia.

"Sasa mlijua," nikasema, "na posa mkaleta?"

"Mdogo wangu alieleza na jambo jingine. Alisema binti alitoka na maji, akamkalisha baba yake, akamwosha miguu na uso, akamfuta matapishi, hakumsema neno. Watu wanapita wanatazama, yeye hakujali. Mama Hamisi aliposikia hayo alilia. Mimi na yeye tutakufa, Bi Tatu. Hamisi ataoa. Huyu aliyelala mle atabaki mikononi mwa mke wa Hamisi. Tulikuwa tunatafuta mtu wa namna hiyo, hatukujua pa kumpata."

Nililia, tena kwa sauti, mimi ninayewakaripia wenye malori ya mkaa wakanyamaza. Mama Hamisi akatoka ndani akidhani kuna msiba mwingine. Akatuletea chai. Ilikuwa chungu.

"Utuwie radhi," akasema. "Sukari hatuna. Hamisi alisema kwenda kuposa mikono mitupu ni aibu, wenzake wa duara wakamchangia mgao wao. Yote imeletwa kwenu."

Jamani! Niliinywa chai ile hadi machicha.

Kurudi kulikuwa kwepesi kwa miguu na kuzito kwa moyo. Mtumbwi, lori, kwa Mama Kulwa, pantoni tena. Njiani kote nilikuwa napanga niseme nini. Nikitaja kifafa, Mzee Shabani ataikata posa palepale. Nikinyamaza, nimemdanganya Mwajuma, na yeye ndiye atakayekwenda kuishi nao. Na ile habari nyingine je, ya kaka? Niwaambie wanaume wa nyumbani kwamba aibu tuliyoifunika imeonwa na muuza sato wakavu? Kufika kituo cha Shinyanga nilikuwa nimeamua. Nitasema yote, kila mtu aumie sehemu yake.

Jioni hiyo tulikaa ukumbini, Mzee Shabani na wanaume wengine wawili wa ukoo, mimi kando ya mlango. Kwa bahati kaka yangu alikuwa nyumbani na hajanywa. Alikaa uani, na mlango nikauacha wazi kwa makusudi. Nikaeleza nyumba ile, kitanda, bafu, na yule mtoto.

"Kifafa," Mzee Shabani akasema, akaanza kukusanya kanzu yake ainuke. "Basi. Warudishiwe vyao."

"Ami, sijamaliza." Nikaeleza ya muuza samaki, na yote aliyoyaona Ijumaa ile. Mzee Shabani akabaki amechuchumaa nusunusu, hajakaa wala hajasimama.

Kaka yangu akaingia kutoka uani. Alikuwa amekonda siku zile, kanzu inamning'inia.

"Aliniona nikiwa vile?" akaniuliza.

"Alikuona, kaka."

"Na bado wanamtaka mwanangu?"

"Wanamtaka kwa hilo hilo."

Kisha akafanya jambo ambalo kwetu halifanywi kikaoni: akamwita Mwajuma mbele ya wazee, akamuuliza kama amesikia habari ya wifi yake.

"Nilikuwa najua, baba," Mwajuma akasema, macho chini. "Hamisi aliniambia zamani, kabla ya posa. Alisema kama naogopa, asilete."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Nikamwambia habari zako."

Mimi nilimtazama yule mtoto aliyenifungia chapati, akaniambia nitazame vizuri, akaniacha nizunguke ziwa zima. Nilitaka kumfinya, nilitaka kumkumbatia. Kaka yangu akaketi juu ya mkeka, mahali pa baba wa binti, ambapo Mzee Shabani alikuwa amepakalia miezi yote ile.

"Waje," akasema. "Nitawapokea mwenyewe."

Majirani wakasikia nimefika makumbusho, wakawa wananiuliza kuna nini huko. Nawaambia kuna kofia iliyoliwa na mende, sahani za maua na kitanda cha chuma. Ya kitanda siwaambii zaidi, yule mzee asije akapoteza kazi. Ila nyie wa nyumbani nawaambia: nilikwenda mbali kote kule kutafuta aibu ya watu, na nilipofika nilikuta yetu imenitangulia, wenyewe wameshaipokea na kuikaribisha ndani.